Kamera Haiteki Maji
Amri ya Nne yatuagiza kuwaheshimu wazazi wetu, wala haikomi tukiisha kuwa watu wazima. Siku hizi mtoto akaaye mjini aweza kuweka nyumbani kwa mama yake kamera na kipaza sauti vilivyounganishwa na intaneti, akamwona na kuzungumza naye kila jioni. Twavisifu vyombo hivyo. Lakini mzazi si mfungwa wa kupelelezwa: yatupasa kumwomba ruhusa kwanza, na chumba chake cha kulala tukiache. Tena kamera yaweza kutuonyesha mtungi mtupu. Kuteka maji haiwezi. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliiweka Jumapili ya nne ya Julai iwe siku ya mababu, mabibi na wazee. Wasomaji wapenzi, tusiingoje. Tuwapigie simu leo, kisha tufunge safari.