Riya, Kimya na Kalamu ya Mwanagenzi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii humfunga mdomo kijana ambaye wengi humshauri aandike hadharani kuhusu kazi anayojifunza. Nyumbani amelelewa akijua kuwa mtu hajisifu, husifiwa. Msikitini na kanisani amesikia kwamba wema unaotendwa ili watu waone umekwisha kupata ujira wake papo hapo. Halafu anakwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, na huko anaambiwa afungue blogu, aandike, ajulikane, kwani ajira siku hizi inataka kujulikana. Wengi huliona jambo hili kuwa la mbinu za kutafuta kazi tu, lakini ndani yake mna swali zito la maadili: je, kuitangaza kazi yako ukiwa na nia ya kujulikana ni riya, yaani kutenda ili uonekane na usifiwe? Ninavyoona mimi, si lazima iwe riya. Zaidi ya hapo, mahali ambapo kazi hupatikana kwa kujuana, kimya tunachokisifu kama unyenyekevu mara nyingi ni anasa ya mwenye mtu wa kumsemea.

Methali ile ina ukweli wake sokoni, ambako bidhaa imewekwa mezani na kila apitaye anaiona, anaishika na kuipima. Kazi ya mwanagenzi haina meza. Kila siku anajaza daftari lake la mafunzo: alichofanya, alichojifunza, kilichomshinda. Msimamizi wa kazini anatia saini, mhadhiri anapita mara moja na kutoa alama, kisha daftari linaishia kabatini chuoni. Kwa hiyo kijana huyu ameshaandika tayari. Kilichokosekana ni wasomaji. Wakati huohuo, mwenzake mwenye mjomba wizarani hahitaji kujitembeza, kwa sababu anatembezwa. Jina lake linatajwa kwenye kikao cha harusi, linarudiwa kwenye simu, na nafasi inapotokea tayari linajulikana. Watanzania wameupa mtindo huo jina la kejeli, undugunaizesheni. Tukimwita wa kwanza mwenye majivuno kwa kuwa amejisemea, na wa pili mnyenyekevu kwa kuwa amesemewa, tutakuwa tumeipima sauti badala ya tabia. Wote wawili wametangazwa. Tofauti ni kwamba tangazo la mmoja liko wazi na linaweza kukaguliwa.

Utafiti nao unaonyesha kwamba kujulikana na watu wa mbali si jambo dogo. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter alichapisha makala juu ya nguvu ya mafungamano hafifu, akitumia habari za wanaume wa Newton, Massachusetts, waliokuwa wamebadili kazi. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu, ni asilimia 16.7 tu waliokuwa wakikutana na mtu huyo mara kwa mara, asilimia 55.6 walikutana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 hawakumwona zaidi ya mara moja kwa mwaka. Sababu yake haina utata. Ndugu na marafiki wa karibu wanajua yale yale unayoyajua; habari mpya hutoka kwa aliye nje ya duara lako. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa mtandao wa LinkedIn, nao ukaonyesha kuwa mafungamano hafifu ya kiasi ndiyo yaliyowasaidia watu zaidi kubadili kazi. Mtoto wa mkulima asiye na jamaa ofisini hawezi kujichagulia mjomba. Anachoweza ni kuwafikia watu asiowajua kwa maandishi.

Lakini mtu wa dini atajibu, na ana haki ya kujibu: hayo yanathibitisha kwamba kuandika kunalipa, hayathibitishi kwamba ni safi. Malipo ndiyo hasa yanayoitia nia shaka. Pingamizi hili halitupiliwi mbali kirahisi. Imam Ghazali, mwalimu mashuhuri kuliko wote katika chuo cha Nidhamiya cha Baghdad, aliacha nafasi yake mwaka 1095, na baadaye akaeleza kuwa alipoichunguza nia yake katika kufundisha, aliikuta inasukumwa na kutaka cheo na sifa. Katika kitabu chake cha Ihya alitenga sehemu nzima kuhusu kupenda jaha, yaani cheo na heshima mbele za watu, na riya. Hata hivyo, mwanachuoni huyo aliyeiogopa sifa kiasi hicho hakuharamisha kila kujionyesha. Kutafuta nafasi katika nyoyo za watu kwa kutumia ibada ni hatari, alisema. Kuitafuta kwa jambo lisilo la ibada ni kama kutafuta mali, na ubaya wake huja pale panapoingia udanganyifu. Hoja hiyo inaungwa mkono na kisa cha Nabii Yusuf, aliyemwomba mfalme wa Misri amkabidhi hazina za nchi, akataja sifa zake mbili: kwamba ni mtunzaji na ni mjuzi. Alijisemea mwenyewe. Alichosema kilikuwa kweli, na waliofaidika ni watu waliokuwa wanakabiliwa na miaka ya njaa. Wakristo nao wanayo mafundisho mawili katika hotuba moja ya mlimani: moja linakataza kutenda haki ili utazamwe, jingine linakataza kuificha taa. Dini zote mbili, basi, hazikuweka mpaka kati ya kuonekana na kufichika. Mpaka uko kwenye ukweli wa jambo na yule linayemfaa.

Kwa hiyo kipimo ninachokipendekeza ni hiki: ondoa jina la mwandishi na picha yake, kisha uliza kama kilichobaki kinamfaa msomaji. Chukua mwanagenzi wa uhandisi aliyepelekwa kwenye ujenzi. Anaweza kupiga picha akiwa na kofia ngumu na kuandika kwamba leo amejifunza mengi, anamshukuru Mungu na mhandisi mkuu. Ukiondoa jina na picha, hakuna kilichobaki. Anaweza pia kueleza jinsi zege linavyopimwa ulaini: koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300 inajazwa kwa tabaka tatu, kila tabaka linashindiliwa kwa fimbo mara 25, koni inainuliwa, na unapima zege limeshuka kiasi gani. Kisha aeleze kwa nini zege linaweza kushuka kupita kiasi ilhali maji yaliyotiwa ni yale yale ya jana: mchanga ulinyeshewa usiku, ukaingia kwenye mchanganyiko na maji ambayo hakuna aliyeyahesabu. Andiko hilo litamsaidia fundi wa Tabora asiyemjua mwandishi wala hana haja ya kumjua. Sifa ikija, itakuja ikiwa imeifuata faida.

Yapo mapingamizi mengine mawili. La kwanza ni amana. Mwanagenzi anaona mafaili, wagonjwa na hesabu za watu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kama Kenya ilivyo na yake ya mwaka 2019. Hapa hakuna cha kubishana: siri ya mtu si mali ya kujijengea jina. Ila somo la mchanga uliolowa halihitaji jina la kampuni wala la mteja. La pili ni usawa. Bando ni ghali, si kila mtu ana ufasaha wa kuandika, na kuna wakati hata sheria yenyewe ilifunga mlango: kanuni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwatoza wenye blogu ada za leseni zilizozidi shilingi milioni 2. Ni kweli kwamba kalamu nayo ina upendeleo wake. Lakini kuandika kunafundishika, na kuzaliwa katika ukoo wenye vyeo hakufundishiki. Pingamizi hili linatutaka tusikigeuze kipaji cha wachache kuwa sharti la wote, hasa kwa vijana ambao wengi wao hawalipwi hata nauli. Halitutaki tuwanyamazishe walio na la kusema.

Inabaki shaka ambayo hakuna kipimo kitakachoimaliza. Mtu anaweza kuandika jambo lenye manufaa huku moyoni akitafuta sifa tupu. Inawezekana sana. Lakini mcha Mungu wa zamani, Fudhail bin Iyadh, alikwisha kuonya kuwa kuacha jambo jema kwa kuogopa watu ni riya vilevile, maana anayenyamaza ili aonekane mnyenyekevu naye ana hadhira yake. Nia ni ya mtu na Mola wake. Sisi wengine, waajiri kwa wahadhiri, tuna wajibu mdogo lakini mgumu zaidi ya tunavyodhani: kuyasoma maandishi yenyewe kabla ya kuuliza kijana huyu ni mtoto wa nani.