Hodi, Faragha na Simu ya Mkononi

Katika mila zetu za ujirani, ni chache zilizo fupi kwa maneno na nzito kwa maana kama hodi. Mgeni hufika penye mlango ulio wazi, akaona moshi wa jikoni na kusikia sauti za watoto, lakini haingii. Husimama nje, akapiga hodi, akangoja kuambiwa karibu. Asipoitikiwa baada ya kupiga mara tatu, huenda zake. Kilichomzuia si mlango, kwani mlango ulikuwa wazi. Kilichomzuia ni heshima kwa aliyemo ndani.

Waashi wa miji ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, kama vile Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, waliijenga heshima hiyo kwa mawe. Mgeni alipokewa barazani au dakani, na vyumba vya ndani vilipangwa ili mpita njia asivione hata mlango ukifunguliwa. Kwa hiyo wale wanaodai kwamba faragha ni fikira ya kigeni, iliyoletwa kwetu pamoja na mitambo ya kigeni, hawakuutazama vema utamaduni wetu. Faragha tunayo tangu kale. Jambo jipya ni chombo kinachoweza kuingia ndani bila kupiga hodi.

Chombo hicho ni simu ya mkononi. Yafaa tueleze kwanza jinsi kinavyofanya kazi, maana mtu hawezi kujilinda na asichokielewa. Simu iliyowashwa huwasiliana na minara iliyo karibu hata wakati mwenyewe hapigi wala hapigiwi, ili mtandao ujue pa kumtafuta. Hivyo kampuni ya simu inaweza kujua mteja wake yu karibu na mnara upi, na ni saa ngapi alihamia mwingine. Njia ya pili ni ya setilaiti. Setilaiti zenyewe hazimjui mwenye simu. Simu ndiyo hupokea mawimbi yake na kupiga hesabu ya mahali ilipo. Lakini programu zilizomo ndani ya simu, zikiruhusiwa, huweza kuichukua hesabu hiyo na kuipeleka kwa wenye programu, ambao baadhi yao huiuza kwa wafanyabiashara. Ndiyo sababu kuzima huduma ya mahali huziba kwa kiasi kikubwa njia hii ya pili tu. Ile ya minara hubaki wazi maadamu simu iko hewani.

Mtu atasema: mahali ni mahali tu, pana siri gani? Siri ni kubwa. Anayejua tulipo kila saa hujua tunalala kwa nani, tunaabudu wapi, tunatibiwa zahanati gani, na tunahudhuria mikutano ipi. Mwaka 2013 watafiti walitangaza matokeo ya kuchunguza kumbukumbu za simu za watu milioni 1.5. Waliona kwamba nukta nne tu za mahali na wakati zilitosha kuwatofautisha asilimia 95 ya watu hao, kila mmoja na wenzake wote. Kufuta jina, basi, hakutoshi kumsitiri mtu. Nyayo zake humtaja.

Hapo hutokea hoja mbili ambazo hatuna budi kuzijibu kwa haki. Ya kwanza husema kwamba asiye na kosa hana la kuficha. Hoja hii husahau tofauti iliyopo kati ya kuficha na kusitiri. Mwizi huficha alichoiba. Mgonjwa husitiri maradhi yake, maskini husitiri njaa yake, na wachumba husitiri mashauri yao mpaka siku ya posa. Tukiwaita wote hao wakosaji, tutakuwa tumeitukana stara, ambayo wazee wetu waliihesabu kuwa sehemu ya utu.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Husema kwamba kijijini hapakuwa na siri: jirani alijua nani katoka na nani karudi, na katika mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi, ulioanzishwa na TANU katika miaka ya 1960, mgeni aliyelala mtaani alipaswa kujulikana. Basi simu imeongeza nini? Twajibu kwamba imeondoa mambo matatu yaliyofanya kujuana kule kuvumilike. Kwanza, aliyetuona nasi tulimwona. Tulijua anachokijua, na yeye alijua kwamba yake tunayajua. Pili, jirani alisahau, au alisamehe. Kumbukumbu za mtambo hazichakai kama za mtu. Tatu, jirani alifungwa na ujirani: akiyatangaza ya nyumbani mwetu, aibu ilimpata mbele ya wazee. Anayetufuata kwa simu hatumwoni, hatujui alichokiandika, wala hatujui tumshtaki kwa nani. Huko si kujuana tena; ni kujulikana. Na pale ambapo baadhi ya watu hujua tu na wengine hujulikana tu, usawa wa binadamu umekwisha kutiwa ufa.

Hatusemi kwamba chombo hiki hakina faida. Mtoto aliyepotea huweza kupatikana kwacho, na mhalifu huweza kukamatwa. Lakini hata kwa mtuhumiwa hodi ina nafasi yake. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Carpenter, mtu aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi. Askari walikuwa wamepata kutoka kampuni za simu nukta 12,898 za mahali alipokuwa kwa muda wa siku 127, bila hati ya upekuzi. Majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba, kwa kawaida, hati hiyo lazima ipatikane kwanza. Mahakama haikusema askari wasiingie kamwe. Ilisema wapige hodi kwa hakimu.

Kwetu pia msingi upo. Haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba ya Tanzania kwa marekebisho ya mwaka 1984 zinatambua, katika ibara ya 16, hifadhi ya maisha binafsi ya kila mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imewawekea wajibu wanaokusanya na kutunza taarifa za watu. Kwa maneno ya wazee wetu, taarifa hizo ni amana. Na mwenye kutunziwa amana hakosi kuulizwa ilivyotumika.

Hata hivyo sheria haiwezi kulala katika kila nyumba. Wako waume wanaoweka kwa siri programu za kupeleleza katika simu za wake zao, na wake katika simu za waume zao, wakaliita jambo hilo mapenzi. Wako wazazi wanaomfuata mwana wao wa sekondari kila hatua bila yeye kujua. Mzazi ana haki, tena ana wajibu, wa kujua mwanawe alipo. Lakini yampasa amwambie. Mtoto anayeulizwa alipo hujifunza kujibu kwa ukweli. Anayepelelezwa hujifunza kuiacha simu kwa rafiki yake.

Kwa hiyo tunawahimiza walimu walizungumze jambo hili darasani, na wanafunzi walitende. Programu inapoomba kujua tulipo, tuihoji kama tunavyomhoji mgeni mlangoni: wewe nani, una haja gani, na utakaa kwa muda gani? Programu ya ramani ina haja ya kujua. Ya tochi haina. Na siku tutakapopata sisi wenyewe uwezo wa kumfuata mwenzetu asipotuona, tukumbuke kwamba mlango kuwa wazi hakujapata kumwondolea mtu wajibu wa kupiga hodi.