Kiko cha Baba Mkubwa

Je, mtu ana haki ya kumtendea mwenzake wema kwa hila? Wanafalsafa wamelijadili swali hili kwa maneno mazito. Mimi nilikutana nalo juu ya meza ya jikoni kwangu, Njombe, mwaka 2011, nikiwa na kisu, msasa na kiko kilichovunjika.

Kiko kilikuwa cha baba yangu mkubwa, mkazi wa Makambako. Alifika pale akiwa kijana, wakati reli ya TAZARA ikijengwa, kati ya mwaka 1970 na 1975, akafanya kibarua, na reli ilipokwisha yeye akabaki. Kiko alikinunua Arusha. Zamani kulikuwa na kampuni huko, Tanganyika Meerschaum, iliyotengeneza viko kwa madini meupe yaliyochimbwa Sinya, karibu na mpaka wa Kenya upande wa Amboseli. Madini hayo ni laini kiasi cha kuchongeka kwa kisu, na kipande kikavu huelea majini. Wajerumani waliyaita povu la bahari. Cha baba mkubwa kilikuwa cha mti kwa nje na madini hayo kwa ndani, na kwenye mdomo wake mweusi wa mpira mgumu palikuwa na alama ya tembo.

Siku moja alikikalia. Ulimi wa ule mdomo ulikatikia ndani ya shingo, na shingo yenyewe ikapasuka. Akapanda basi mpaka Njombe, kilomita sitini hivi, akanikabidhi kikiwa kimefungwa kwenye leso. “Mwanangu, wewe una mikono. Kitazame.” Kikohozi chake nilikuwa nimekisikia tangu yuko getini.

Naomba msomaji anivumilie nieleze kazi yenyewe, maana ndimo dhambi yangu ilimojificha. Ulimi uliokatika niliutoa kwa skrubu ndefu niliyoipasha moto, nikaikaza ndani ya tundu, nikaiacha ipoe, kisha nikaivuta. Ufa wa shingo niliutia gundi nikauvisha pete ya shaba niliyoikata kwenye bomba la friji bovu. Ndani ya bakuli nilikwangua masizi kwa upande butu wa kisu, taratibu. Kiko cha mti mtupu hujazwa chumvi na spiriti kikalala usiku kucha, lakini madini yale hufyonza kila kitu na huvunjika kama chaki. Iliyobaki ilikuwa ni mdomo. Nilipata pembe ya ng'ombe kwa mchinjaji, nikaichemsha mpaka ikalegea, nikainyoosha, nikaichonga, nikaitoboa kwa spoki ya baiskeli iliyopashwa moto mpaka ikawa nyekundu. Nyumba nzima ilinuka nywele zilizoungua, na mke wangu aliniuliza kama kuna siku nitakuwa na kazi ya heshima.

Kazi hii ilichukua siku nne. Nami nilikaa na kiko kile wiki saba.

Kila alipopiga simu nilimwambia pembe bado haijakauka, au nasubiri kifaa fulani kutoka Iringa. Hapakuwa na kifaa. Kiko kilikuwa kabatini, kimepakwa nta, kinang'aa. Nilijiambia kwamba mzee wa miaka zaidi ya sitini mwenye kifua kile, akikaa wiki saba bila kiko, atasahau. Daktari alikwisha kumwonya. Nilijua, kama ajuavyo kila mtu siku hizi, kwamba moshi wa kiko huleta saratani ya kinywa na ya koo hata kwa asiyeumeza. Bunge letu lilipitisha sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka 2003, lakini sheria haiingii barazani kwa mzee.

Hakusahau. Shangazi alinipigia simu akasema kaka yake sasa anasokota tumbaku ya Songea kwenye karatasi za daftari za wajukuu, na anavuta kuliko zamani. Ndipo nikaona nirudishe kiko. Lakini hila ina watoto. Usiku wa kuamkia safari nilikaa tena mezani, nikachonga kijiti chembamba cha mwanzi, nikakitia gundi ndani ya tundu la mdomo ili njia ya moshi iwe finyu. Nilidhani moshi ukiwa haba naye atavuta kidogo. Sikufikiri kwamba mtu mwenye kiu, ukimpunguzia mrija, hunyonya kwa nguvu zaidi.

Nilimkuta Makambako barazani, na wajukuu wawili wakicheza miguuni pake. “Kamwene, baba.” “Kamwene.” Akakigeuza kiko mkononi. “Tembo wangu yuko wapi?” Nikaeleza habari ya pembe. Akajaza, akawasha, akavuta mara moja tu, akakitoa mdomoni akakitazama.

“Mbona kinapumua kwa shida?”

Nikasema labda pembe imevimba. Hakunijibu. Akamtuma mjukuu alete waya, akautia kwenye makaa ya jiko, akautumbukiza ndani ya mdomo. Kijiti changu kikatoka kimeungua, akakiweka juu ya goti langu, pole pole, kama mtu anayerudisha chenji.

“Ungeniambia niache,” akasema, “ningekukatalia. Lakini ningekujibu.”

Nimelifikiria neno hilo miaka mingi. Kant, katika makala yake ya mwaka 1797, alikataa kabisa kwamba mapenzi kwa binadamu yanampa mtu ruhusa ya kusema uongo. Nilipoisoma habari hiyo niliona ni ukavu wa Mjerumani asiye na mzee anayekohoa. Mill naye, mwaka 1859, aliandika kwamba faida ya mtu mwenyewe haitoshi kuwa sababu ya kumlazimisha mtu mzima. Sababu ni madhara kwa wengine. Hapo nilidhani nimepata pa kujitetea, maana wale wajukuu walikuwa wakivuta moshi uleule. Lakini sikuwatetea wajukuu. Kama ningewajali ningesema wazi, “Baba, usivutie walipo watoto.” Kwetu kumwambia mzee neno kama hilo ni kazi ngumu, na nilichagua gundi kwa sababu gundi haihitaji ujasiri. Niliita heshima.

Baada ya siku ile nilimwambia yote, la kifua na la watoto. La kifua alilikataa, kama alivyoahidi. La watoto aliliwaza kimya, na kuanzia hapo alihamia chini ya mparachichi nyuma ya nyumba. Alivuta mpaka alipofariki, mwaka 2016. Siwezi kusema ningekuwa nimemwongezea miaka mingapi. Wala siwezi kusema sikumwongezea hata siku moja.

Juzi jirani yangu ameniletea kiko cha marehemu baba yake, mdomo umetafunwa na bakuli limeota ufa. Anataka kukitumia. Kabla sijagusa kisu nilimwambia ninavyofikiri, kwamba ni afadhali akiweke ukutani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akaniuliza bei.