Je, ni halali kumkata shetani kwa mkasi?



Swali la leo linaonekana la kitoto, lakini limenisumbua kuliko maswali mengi niliyofanyia mitihani ya falsafa. Je, Mkristo anaruhusiwa kumchora shetani, kumchapa kwenye karatasi ngumu, kumkata kwa mkasi, kumkunja mabawa, kumsimamisha mezani, halafu kucheza naye?

Nauliza kwa sababu ninawatengeneza. Na nauliza hapa kwa sababu najua baadhi yenu mngejibu haraka sana, wengine “ndiyo, ni karatasi tu”, wengine “hapana, huo ni ufrimasoni”. Majibu yote mawili yananipa shida.

Kwanza nieleze ni kitu gani. Kuna michezo ya mezani ambayo watu wanne au watano wanakaa pamoja, mmoja anakuwa msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki anaigiza mhusika wake: mpiganaji, mganga, mwizi aliyetubu, chochote. Msimulizi anasema mmefika kwenye pango, mlango umefungwa, mnafanya nini? Mnaamua, mnarusha dadu, hadithi inaendelea. Maarufu kuliko yote ni Dungeons & Dragons, iliyotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Watu wazima kucheza na visanamu ni jambo la zamani zaidi: mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu cha kanuni za vita vya askari wa kuchezea, Little Wars, mwaka 1913.

Visanamu hivyo huko kwao ni vya plastiki au madini, na kipimo cha kawaida ni milimita 28 hivi, mtu mzima hazidi kidole chako cha shahada. Kuviagiza mpaka huku, ukijumlisha usafiri na ushuru, ni hela ya kulisha familia. Ndiyo maana sisi tunatumia karatasi. Wala si ujanja wa maskini peke yao, maana hata kampuni ya Steve Jackson Games ya Marekani iliuza wahusika wa karatasi ngumu miaka ya 1980.

Cha karatasi cha kawaida ni rahisi. Unachora mbele na nyuma, unakunja utosini, unagundisha, kinasimama. Ukikitazama kwa mbele ni mtu, ukikitazama kwa ubavu ni mstari. Hapo ndipo nilipoanza kupenda hiki cha nusu-umbo, ambacho si bapa kabisa wala si sanamu kamili. Unachora vipande viwili, kimoja unakichana kuanzia juu hadi katikati, kingine kuanzia chini hadi katikati, halafu unavipachika vikatizane kama vigawanyo vya ndani ya katoni ya chupa. Mabawa unayakata peke yake na kuyagundisha kwa ukanda mwembamba ili yakunjike kwenda nyuma. Ngao unaisogeza mbele ya kifua kwa kuiwekea kikunjo kidogo cha karatasi katikati. Kazi iliyobaki inafanywa na uchoraji: unaamua mwanga unatoka wapi, tuseme juu kushoto, na kivuli chote unakipaka kwa kufuata uamuzi huo. Ukikosea mwanga kwenye bawa moja tu, jicho linakataa kudanganyika.

Kwa wanaotaka kujaribu: karatasi ya gramu 200 inatosha, na mashine nyingi za steshenari zinaikubali bila kugoma. Mistari ya kukunja ipitishie kwanza peni iliyokwisha wino, la sivyo kikunjo kitapasuka. Kingo nyeupe zipake maka peni nyeusi. Chini gundisha washa ya chuma kutoka duka la vifaa vya ujenzi, feni isije ikaangusha jeshi lako lote.

Sasa turudi kwenye shetani.

Katika kikundi cha vijana parokiani ninakofanya mwaka wa kichungaji, mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo aliona boksi letu. Hakupiga kelele. Alimchukua mmoja mwenye pembe na mabawa mekundu, akamgeuza-geuza, akauliza, “Frateri, huyu umemchora kwa muda gani?” Nikamwambia kama saa nne, pamoja na kukata. Akasema, “Saa nne. Sasa mlikuwa mnatazamana na nani?” Kisha akamrudisha taratibu ndani ya boksi. Wiki iliyofuata mwanaye hakuja tena, na kijana mwenyewe alinipigia simu kuniambia mama amekataa. Nikamwambia atii.

Hilo swali la mama, jamani, msilidharau. Ukiliweka katika lugha ya darasani ni hoja nzito. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akizungumzia picha ya Kristo katika sehemu ya tatu ya Summa Theologiae, anafundisha kwamba roho inapoielekea picha kama picha, mwendo wake hauishii kwenye ubao na rangi, unapita hadi kwa yule aliyechorwa. Ni fundisho lilelile la Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, uliotetea picha takatifu: heshima inayotolewa kwa picha inamfikia mwenyewe. Tunalipenda sana fundisho hili tunapojibu wanaosema tunaabudu sanamu. Basi mama ana haki ya kuuliza: kama njia hiyo ipo, kwa nini ifanye kazi kwa Bikira Maria na isifanye kazi kwa huyu mwenye pembe? Huwezi kusema picha ina nguvu ukiwa kanisani halafu useme “karatasi tu” ukiwa ukumbini. Chagua moja.

Nilikaa na hoja hiyo muda mrefu. Jibu langu linaanzia kwenye neno heshima. Picha inaipeleka akili kwa aliyechorwa, ni kweli, lakini haichagui akili iende na nini mkononi. Ukienda na upendo, unafika na upendo. Ukienda na chuki au hofu au kicheko, unafika na hicho. Picha ya Malaika Mkuu Mikaeli iliyochorwa na Guido Reni, ile iliyoko kwenye kanisa la Wakapuchini jijini Roma, ina shetani chini ya mguu, tena amechorwa kwa umakini, kichwa, misuli, kila kitu. Hakuna aliyewahi kupiga magoti pale akamheshimu yule wa chini kwa bahati mbaya. Nakala zake na jamaa zake zimejaa kwenye kadi tunazoweka ndani ya misale. Kwa maana hiyo, shetani aliyechorwa tayari yuko mfukoni mwa huyo mama.

Tena Tomaso huyohuyo, katika sehemu ya kwanza, anagusia kwa kupita tu kwamba picha inaitwa nzuri ikikionyesha kitu kikamilifu, hata kama kitu chenyewe ni kibaya. Na Aristotle kabla yake, kwenye Poetics, aliona kwamba tunafurahia kutazama picha sahihi za vitu ambavyo vyenyewe vinatuchukiza, kama maiti au wanyama duni, kwa sababu kutambua ni raha ya akili. Wachongaji Wamakonde wanalijua hili bila kumsoma Aristotle. Nenda Mwenge, Dar es Salaam, utaona mtindo unaoitwa kabisa “shetani”, viumbe vya mpingo vilivyopinda, jicho moja, mdomo pembeni. Mchongaji anauza, anapata ada ya watoto, Jumapili yuko ibadani.

Kwa hiyo nasema wazi: kutengeneza kisanamu cha shetani ili ashindwe katika hadithi si dhambi. Sioni namna ya kukwepa hitimisho hilo.

Hapa mhubiri ndani yangu alitaka kuongeza kitu kitamu. Mtakatifu Augustino anasema uovu hauna uwapo wake wenyewe, ni upungufu wa wema. Na tazama, kisanamu changu cha nusu-umbo, ukikizungusha nyuma ya mabawa, ni kitupu! Kinaonekana kizito kumbe ndani hakuna kitu! Nilikuwa nimeshaanza kuiandika hiyo mahubiri kichwani. Kisha nikamgeuza Mikaeli wangu. Naye ni mtupu vilevile, nyuma ya ngao kuna kikunjo cha karatasi na tone la gundi. Isitoshe, Katekisimu, namba 391, inatufundisha kwamba Ibilisi ni malaika aliyeumbwa mwema akajigeuza mwovu kwa hiari yake. Ni kiumbe, ana uwapo. Mfano huo hauendi, nimeuacha. Nawaambia tu ili mkiusikia mahali muwe macho.

Kuna vitu ambavyo sivitengenezi hata hivyo. Sinakili alama za uganga halisi au maandishi ya kuita pepo kutoka mitandaoni ili karatasi ionekane “ya kweli”. Hapo mtu hachezi tena hadithi, anaazima chombo cha kazi nyingine. Na nikiwa msimulizi sikubali meza ifurahie kumtesa mtu, hata mtu wa karatasi, maana kinachofurahi ni moyo wa nyama. Kuhusu dadu, kwamba ni ramli, hapana. Ramli inauliza yaliyofichika. Dadu yetu ya nyuso 20 inauliza kama panga limempata fisi, na fisi huyo hayupo.

Wengine mtasema tatizo siyo shetani, tatizo ni saa nne zilizotumika. Tomaso ana jibu: anakubaliana na Aristotle kwamba kuna fadhila katika kucheza, eutrapelia kwa Kigiriki, na anasimulia habari ya zamani kuhusu Mtume Yohane, aliyesema upinde usiolegezwa huvunjika. Ila kulegeza kuna kipimo chake, na kijana mwenye mtihani Jumatatu anakijua bila kufundishwa.

Lakini shida yangu haikuisha na hitimisho, hapo ndipo ilipoanza. Someni 1 Wakorintho 8. Wenye elimu wa Korintho walikuwa na hoja safi kabisa: sanamu si kitu, basi nyama iliyotolewa kwa sanamu ni nyama tu, tule. Paulo hawaambii wamekosea. Anawaambia yuko ndugu ambaye bado hajaweza kuila bila kuumia, na kwa ajili yake yeye Paulo yuko tayari kuacha nyama maisha yake yote. Hoja yangu kuhusu karatasi inafanana mno na ya wale wenye elimu.

Ni rahisi basi kusema: mama ni yule ndugu mwenye dhamiri dhaifu, mimi ndiye mwenye elimu, nitamvumilia. Nimeikataa sentensi hiyo. Nani aliyenipa kazi ya kumpima? Huyu mama amelea watoto na anasali rozari kabla jogoo hajawika. Swali lake kuhusu saa nne lilikuwa bora kuliko mengi niliyosikia kwenye semina zetu. Inawezekana kabisa jicho linalozoea kuchora uso fulani linajifunza kitu ambacho hoja yangu haikioni. Sidhani hivyo, lakini sina uhakika wa kutosha kumchezea mtoto wa mtu.

Niliamua hivi. Kwenye ukumbi wa parokia hakuna mashetani. Tunacheza na majambazi, mamba, nyoka wakubwa na mfalme mmoja dhalimu. Mashetani yapo chumbani kwangu, chini ya miguu ya Mikaeli, na nikiulizwa nasema yapo. Vijana wawili wakaniambia, “Frateri, umeogopa.” Nikawajibu hapana, kuogopa ni kubadilisha ninachokiamini. Nilichobadilisha ni kilicho mezani. Mmoja alikubali, mwingine bado ananitazama kwa pembeni, na sina neno lingine la kumwongezea. Nilikwenda pia nyumbani kwa mama, nikamweleza sababu zangu zote, hata zile za Tomaso. Alisikiliza, akanipa chai. Mwanaye hajarudi bado. Ni haki yake mama kuamua, na boksi liko wazi siku yoyote akitaka kulikagua.

Kwa sasa natengeneza fisi. Ni mgumu kuliko shetani yeyote, maana mgongo wake unateremka kwenda nyuma, na vipande viwili vilivyokatizana vinataka mgongo ulionyooka. Nimejaribu kukata kipande cha nyuma kwa mshazari, nimeharibu karatasi sita. Na juzi mzee mmoja wa parokia ameshaniuliza, kwa upole tu, kwa nini frateri anachora fisi, kwani hajui wachawi husafiri na nini?