Nani Anamkosoa Nani?

Tuseme kuna mtoto wa Gredi ya 6 pale Ziwa, nje ya Eldoret. Oktoba ikifika na mahindi yakianza kuvunwa, haonekani darasani. Mwalimu wa ushauri nasaha anajua sababu hata kabla ya kufungua rejista. Amekutana na mama ya huyo mtoto dukani, na anajua wanavuna shamba la nani kama vibarua. Shule nyingi za umma Kenya hazina mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kwa hivyo kazi hiyo inamwangukia mwalimu huyu, juu ya vipindi vyake vya Hisabati.

Siku moja anaalikwa kwenye mkutano wa Zoom na wenzake wa Marekani na Uingereza. Mada ni kujifunza pamoja. Wao wanaleta mbinu, fomu na slaidi. Yeye anaombwa alete kisa. Yaani upande mmoja unaleta elimu, upande mwingine unaleta watoto. Huko ni kujifunza pamoja kweli, ama ni darasa tu lililopewa jina zuri?

Ni rahisi kujibu kwa hasira: wageni wabaki na fomu zao, sisi tuna wazee, tuna majirani, tuna shosho. Jibu hilo litapigiwa makofi mtandaoni, lakini mtoto halimsaidii. Kujuana kwetu pia kunaumiza. Kenya ina Sheria ya Makosa ya Kingono tangu 2006, na bado kuna kesi za watoto kunajisiwa zinazomalizwa nyumbani: wazee wanakaa, familia zinalipana, mtoto anaambiwa anyamaze. Hapo mgeni akisisitiza kwamba kesi iende polisi na jina la mtoto lisizunguke kijijini, huo si ukoloni. Anatukosoa, na ana haki.

Lakini mgeni naye ana la kuambiwa, tena linatoka kwenye historia yake mwenyewe. Kazi hii ilipoanza Marekani mnamo 1906 na 1907, katika miji ya New York, Boston na Hartford, waliiita kazi ya walimu wa kutembelea nyumba. Walibisha hodi kwa kina mama, wakauliza mtoto anaishi vipi. Mwalimu wa Ziwa bado anabisha hodi. Akiona fomu yenye maswali 40 ambayo hakuna hata moja linalouliza msimu wa mavuno, anafaa kusema wazi: hii haitatufaa.

Kwangu mimi, kipimo ni hicho. Ushirikiano ni wa kweli pale ambapo kila upande unaweza kuambiwa umekosea, na ukabadilika. Zimbabwe wametuonyesha inawezekana. Mwaka wa 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kufanya kazi na kina nyanya 14 huko Mbare, Harare, wakiwasikiliza watu kwenye benchi. Jina la kwanza la benchi hilo lilitaja afya ya akili. Kina nyanya wakamwambia hakuna mtu atakayekuja kukaa hapo. Likageuzwa kuwa Benchi la Urafiki, watu wakaja, na baadaye wazo hilo likafika hadi New York. Daktari angeng'ang'ania jina lake, pengine tusingelisikia kabisa.

Kwa hivyo mwalimu wetu akiombwa kisa, aulize kwanza: mtoto mwenyewe amekubali? Na kitamrudia nini? Kisha naye aombe chao. Walete mtoto wao asiyekuja shule, na waseme ni wapi mbinu zao zilishindwa kumsaidia. Wakisita, tutakuwa tumejua ule mkutano ulikuwa wa nini.