Bima ya nyumba: Tumekataza, tumejenga nini?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Ndugu Waislamu, leo nina jambo linalonihusu mimi mwenyewe kabla ya kumhusu mwingine. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa Magomeni, jirani yangu wa safu moja msikitini, aliniuliza kama afae kukata bima ya nyumba yake. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vinne vina wapangaji, na kodi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na wajukuu. Nikamjibu kwa neno moja: haramu. Akasema, "Sawa sheikh," akaenda zake.

Haukupita mwaka, hitilafu ya umeme ikaiteketeza nyumba ile usiku. Ijumaa tukapitisha bakuli. Kilichopatikana hakikutosha hata bati za paa. Ijumaa ya pili bakuli likawa jepesi zaidi, na ya tatu hapakuwa na bakuli. Mzee alihamia kwa binti yake na kufia huko, kiwanja kikiwa bado na majivu. Hakunilaumu hata siku moja. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Je, jibu langu lilikuwa la uongo? Hapana. Baraza la Fiqhi la Kimataifa la OIC, lilipokutana Jeddah mwezi Desemba 1985, liliona bima ya kibiashara haifai kwa sababu ya gharari kubwa iliyomo: unalipa bila kujua utapata nini, au kama utapata chochote. Lakini baraza hilo hilo halikuishia hapo. Lilielekeza Waislamu kwenye bima ya ushirika. Mimi nilichukua nusu ya kwanza ya fatwa, nusu ya pili nikaiacha.

Wapo wanaosema bima yoyote ni kukosa tawakkul. Hao wakumbushwe yule aliyemuuliza Mtume (SAW) kama amfunge ngamia wake au amwachie tu akitegemea kwa Allah, akaamrishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Hadithi hiyo ameipokea Tirmidhi. Na katika Bukhari na Muslim tunasoma habari za Ash'ari: chakula kikiwapungukia, walikusanya walichonacho katika nguo moja, wakagawana sawasawa. Mtume (SAW) akawasifu, akawahesabu kuwa ni watu wake naye ni wao. Nguo ile ndiyo takaful. Kila mwanachama anachangia kwa nia ya kusaidia, mfuko unawekezwa katika halali, anayeuendesha anapata ujira wake unaojulikana, na ziada ni ya wanachama, si faida ya tajiri. Sudan walianza mwaka 1979. Kenya kampuni ya takaful ilianza kazi mwaka 2011. Hapa kwetu Shirika la Bima la Zanzibar nalo lina huduma hiyo. Basi udhuru umepungua.

Hata hivyo, ndugu yangu, jina la Kiarabu kwenye karatasi halitoshi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana mikataba. Je, sisi tunaisoma tunayotia saini? Nimewakuta wengi wasiojua mambo haya manne.

Kwanza, nyumba huandikwa kwa gharama ya kuijenga upya, si kwa bei ya kuiuza pamoja na kiwanja. Ukiiandika chini ili upunguze mchango, unajidhulumu. Nyumba ya kujengwa kwa milioni 80 ukiiandika milioni 40, ikaungua sehemu ya milioni 20, aghalabu utapewa milioni 10 tu, kwa kuwa uliikinga nusu.

Pili, kinga ya jengo si kinga ya vyombo. Na ya mwenye nyumba haigusi godoro, runinga wala cherehani ya mpangaji. Mpangaji ajikatie yake.

Tatu, kinga ya moto si lazima iwe na mafuriko ndani yake. Wewe unayekaa bondeni, uliza.

Nne, nyumba ikikaa tupu muda mrefu, mara nyingi zaidi ya siku 30, kinga yaweza kupungua au kusimama. Anayesafiri kwenda Hija au kijijini atoe taarifa kwa maandishi.

Na ukiulizwa juu ya nyaya za umeme au biashara inayofanyika barazani, sema kweli. Kuficha ni khiyana, na ndiyo sababu ya madai mengi kukataliwa.

Kwa maimamu wenzangu nasema: muumini akituuliza, tusimfungie mlango kisha tukamwacha nje kwenye mvua. Kila msikiti unaweza kuanza mfuko wake wa majanga, wenye daftari na wakaguzi, watu wakachangia kila mwezi kabla ya moto, si baada yake. Bakuli la Ijumaa ni sadaka njema, lakini halijengi nyumba.

Ewe Mola, msamehe mzee wetu, umpe nyumba bora kuliko ile iliyoungua, na utusamehe sisi tuliosema nusu ya ukweli. Amin.