Riba ya Benki Kuu na Nyumba za Watu

Wasomaji wetu wengi hawajapata kukanyaga sakafu ya Benki Kuu, wala hawana haja. Walakini neno linaloamuliwa pale Nairobi na watu wachache hufika hata kwa mpangaji wa Kisumu au Nakuru. Basi twaona yafaa kulipima kwa mizani ya haki.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 kiwango cha riba ya Benki Kuu ya Kenya kilikuwa asilimia 7. Kikapandishwa hatua kwa hatua, hata Februari 2024 kikafika 13. Nia haikuwa mbaya. Bei za vitu zilikuwa zimepanda na shilingi yetu ilikuwa imepungua thamani mbele ya dola. Fedha ikiwa ghali kukopa, watu hukopa kidogo, hununua kidogo, na bei hupoa. Tusiwalaumu waliofanya hivyo, kwa maana mfumuko wa bei ni mwizi amwibiaye maskini kwanza, yeye ambaye mshahara wake karibu wote huishia katika unga na mafuta.

Lakini gharama ya ulinzi huo haikugawanywa sawasawa. Tuseme mwalimu amekopa shilingi 3,000,000 ajenge nyumba, alipe kwa miaka 15. Kwa riba ya asilimia 12 hulipa kama shilingi 36,000 kila mwezi. Kwa asilimia 16 hulipa kama 44,000. Nyumba ni ileile, mshahara ni uleule. Hizo 8,000 zitatoka wapi, kama si katika karo ya watoto? Wenye mikopo ya nyumba ni wachache, kama 30,000 tu katika nchi nzima. Lakini mwenye nyumba za kupangisha naye mara nyingi amejenga kwa mkopo, na riba ikimpanda, humtwika mpangaji kwa jina la kodi. Hivyo hulipa hata yule asiyewahi kutia sahihi katika benki yoyote.

Wako wasemao: sheria na iifunge riba. Jambo hilo tulikwisha kulijaribu. Kuanzia Septemba 2016 benki zilikatazwa kutoza zaidi ya pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Matokeo yake, benki zikapendelea kuikopesha serikali na matajiri, na mwenye duka dogo akarudishwa mlangoni. Sheria hiyo ikaondolewa Novemba 2019.

Lililo zito kwetu ni jingine. Tangu Agosti 2024 Benki Kuu ilianza kushusha kiwango chake, na Juni 2025 kikawa 9.75. Hapo benki hazikuwa na haraka, hata Benki Kuu ikalazimika kuzihimiza waziwazi. Zilijitetea kwamba amana walizonazo walizipokea kwa bei ya juu, na haziwezi kuuza kwa hasara. Hoja hii ina ukweli wake. Lakini riba ilipokuwa ikipanda, nazo zilikuwa na amana za zamani zilizopokewa kwa bei nafuu. Mbona hazikungoja hizo ziishe kwanza?

Papa Benedikto XIV, katika waraka wake wa mwaka 1745, alikataza faida idaiwayo kwa sababu ya mkopo wenyewe tu, ila alikubali kwamba huweza kuwako sababu nyingine za haki za kudai zaidi. Yeyote apandishaye riba kwa sababu ya gharama amekiri sababu yake mwenyewe. Gharama ikiondoka, anachoendelea kudai anakidai kwa kuwa mwenziwe hana pa kukimbilia na hati ya kiwanja iko rehani.

Mwenye kutaka mkopo wa nyumba na aulize kabla ya kutia sahihi, naye apewe jibu kwa maandishi: Benki Kuu ikishusha, malipo yangu yatashuka baada ya siku ngapi, na kwa kiasi gani? Tena akadirie bajeti ya nyumbani kwa ile riba ya juu, si kwa ile aliyotangaziwa dirishani.